Umesema Umejitengenezea. Na Fundi Yuko Wapi?

Wasee, tuambiane ukweli mapema ndio kila mtu ajue nimesimama wapi. Hapa kwetu, karibu kila vidio ya "nimejitengenezea mwenyewe" iko na fundi amesimama nje ya kamera. Yeye ndiye amekata mbao, amepiga randa, ameshika ule upande mwingine ndio kitu isicheze. Halafu muziki unaanza, mwenye simu anapitisha mkono juu ya meza kama mtu wa matangazo, na fundi haonekani hata kivuli. Mimi nasema huo ni uongo, na ni uongo unaokula pesa ya mtu.

Naongea kama mtu wa vidio, sio kama mtu wa kuzichukia. Niko Soy, kwa hii barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kitale. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, na sasa simu ndiyo ofisi yangu. Majuzi nimetengeneza meza ya kuweka nyuma ya kochi, zile zinaitwa konsoli. Wacha niitumie hiyo meza kueleza hasira yangu, kwa sababu kila kitu kiko ndani yake: mbao, hesabu, na heshima.

Kwanza, hii meza ni ya nini?

Konsoli ni meza nyembamba na ndefu. Jina limetoka Ufaransa, na mwanzoni ilikuwa meza ya kushikizwa ukutani. Baadaye watu wenye sebule kubwa, hasa Marekani, wakaipeleka nyuma ya kochi. Huko kochi linaweza kukaa katikati ya chumba, mgongo wake uko wazi, na mgongo wa kochi si kitu ya kupendeza. Kwa hivyo wanaweka meza pale, taa juu, vitabu viwili vitatu ambavyo hakuna anayesoma, picha inapigwa, Pinterest inajaa.

Sasa angalia sebule ya mathee. Makochi yote yamegusa ukuta, yamezunguka chumba kama watu wa mkutano. Vitambaa vimefuliwa, vimenyooka. Meza iko katikati, na stuli zinatolewa wageni wakifika. Ukiona hivyo usiseme ni ushamba. Ile sebule imepangwa na mtu anayejua kazi yake. Chama kikija, watu wa maombi wakija, majirani wakija kutoa pole, kila mtu lazima amwone kila mtu, na chai lazima ifike kwa kila mkono. Ukivuta kochi mbele futi moja ndio uingize konsoli, umewaibia wageni futi moja. Mathee alipoona picha aliniuliza, "Na nani ataiona hiyo meza ikiwa nyuma ya watu?" Kwa sebule yake, ako sawa kabisa.

Lakini ukitoka kwa mathee uingie keja ya chumba kimoja kama yangu, hesabu inabadilika. Kitanda, jiko la gesi, kochi, ndoo za maji, vyote vinakutazama kwa pamoja. Ukigeuza kochi lipe kitanda mgongo, tayari umepata sebule na chumba cha kulala bila kumwongezea landilodi hata shilingi. Ile meza ya nyuma ndiyo inakuwa ukuta. Upande wa kitanda naweka simu ikichaji na glasi ya maji. Upande wa kochi naweka taa. Nikitaka kuhariri vidio, navuta stuli na meza inakuwa ofisi. Kwa hivyo fasheni ilizaliwa kwa nyumba kubwa, lakini kazi yenyewe iko kwa keja ndogo. Hapo sina shida nayo hata kidogo.

Mbao haijui vidio yako

Shida inaanza ukitaka kuijenga kwa kufuata vidio ya ng'ambo. Jamaa anaingia duka kubwa, anatoka na mbao safi zimenyooka kama rula, na kufika Jumapili jioni amemaliza. Kuna mambo mawili hakuambii.

Jambo la kwanza ni vipimo. Ile mbao wao wanaiita mbili kwa nne, ukiipima ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, kwa sababu imekauka na kupigwa randa kabla ya kufika dukani. Yetu ya timba yadi inatoka kwa msumeno ikiwa na nywele zake, na inchi zake iko nazo karibu zote. Inapungua ukishaipiga randa, na inapungua vile mashine na mkono wa mtu vitaamua. Ukinakili vipimo vya yule jamaa, miguu itakataa kukutana na mbao za kuishikilia.

Jambo la pili ni maji, na hili ndilo kubwa. Huko kwao mbao ya ujenzi ikipigwa mhuri wa S-DRY, maana yake unyevu wake hauzidi asilimia 19. Sasa njoo huku juu. Eldoret iko mita kama 2,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua ikianza mwezi wa nne haina haraka ya kwenda. Saiprasi iliyopasuliwa wiki jana bado inalia. Na mbao ikikauka, urefu wake haubadiliki sana. Inapungua upana. Kwa hivyo ukichukua ubao mpana wa inchi 12, mbichi, ukaupigilia misumari kila upande mpaka ukatulia, umeufunga mtu anayetaka kusonga. Baada ya miezi michache utapasuka katikati, au utajikunja kama mkate wa jana.

Haya mimi nimefundishwa na fundi wangu. Nitamwita Fundi tu, vile mtaa mzima unamwita. Yeye hana mashine ya kupima unyevu. Anainua mbao mbili za saizi moja, anasikia ipi nzito. Anagonga kwa kifundo cha kidole, na ile kavu inalia wakati mbichi inafanya "pu" tu. Anaweka shavu karibu, kwa sababu mbichi ni baridi. Zile nzuri anazipanga chini ya mabati, vipande vidogo katikati ya kila safu ndio hewa ipite, na haziguswi mpaka ziwe tayari. Hiyo ni maabara, ni vile tu haina koti jeupe.

Kuna mtu atasema, "Lakini nyinyi wa Uasin Gishu mmezungukwa na miti, mbao kwenu si ni bure?" Zi. Kwanza miti yenyewe ni wageni. Saiprasi na paini asili yake ni Mexico, na mkaratusi na grevilea ni za Australia. Wenyeji ni kina mtarakwa, ule Wakalenjin wanaita tarakwet, na huo huwezi kuuchezea ovyo. Pili, mti kusimama kando ya barabara haimaanishi ni wako. Hapo Turbo, jirani zetu, kuna msitu uliopandwa kwa ajili ya kulisha kiwanda cha karatasi cha Webuye. Na mwezi wa pili mwaka wa 2018 serikali ilisimamisha ukataji kwa misitu ya umma na ya jamii. Walisema ni siku 90. Ikaenda hivyo mpaka Julai 2023 ndio Rais Ruto akatangaza kuondoa marufuku, na hata hapo mambo yakafika kortini. Miaka yote hiyo mafundi walikuwa wanategemea miti ya mashamba ya watu na mbao za kutoka Tanzania. Kwa Sheng, mbao ni shilingi ishirini. Kwa timba yadi, shilingi ishirini ni pesa ya kuulizia bei.

Hesabu yenyewe, yote

Sasa meza. Kochi langu mgongo wake ni inchi 31, kwa hivyo meza ikawa inchi 30, isichungulie juu. Urefu futi tano, fupi kuliko kochi pande zote mbili. Upana ni ubao mmoja wa inchi 12. Ukipita hapo unaanza kupigwa na kona usiku ukienda kutafuta maji.

Ubao wa juu: futi 5 za 12 kwa 1, shilingi 600. Miguu minne ya inchi 29: futi 10 za 2 kwa 2, shilingi 300. Mbao za kushikanisha miguu, juu na chini: futi 24 za 3 kwa 1, shilingi 600. Hapo ni 1,500. Mashine ya randa 300. Gundi, skrubu na msasa 450. Vanishi na thina 650. Jumla 2,900.

Hapo ndipo vidio nyingi zinakata. "Wasee, meza ya elfu mbili mia tisa!" Moto, moto, moto.

Lakini mimi bado sijamaliza. Fundi alikaa na mimi siku moja na nusu. Aliniwekea alama, akanionyesha vile ncha ya mbao inachongwa ndio iingie kwa tundu la mguu, halafu akaniachia patasi. Tundu la kwanza alitoboa yeye, yaliyobaki nikatoboa mimi huku ananiangalia. Hatukuwa na vibano vya chuma vya kubana mbao gundi ikikauka. Tulikuwa na blada, zile raba za tyubu kuukuu ambazo unafungia mzigo kwa bodaboda. Alizungusha blada, akavuta, akafunga, na meza ikakaa imebanwa mpaka asubuhi. Ubao wa juu hakuupigilia. Aliushika na skrubu kutoka chini, na matundu akayafanya marefu kidogo ndio mbao ikitaka kupungua isonge bila kupasuka. Kwa hiyo kazi nilimlipa 2,000. Jumla ya ukweli ni 4,900.

Tofauti ya 2,900 na 4,900 ndiyo sababu naandika hii kitu.

Wewe ukiangalia vidio ya 2,900, kesho unaenda kwa fundi wa mtaa wenu na simu mkononi. Unamwonyesha. "Buda, hii mtu ametengeneza na elfu mbili mia tisa, wewe unaniambia elfu tano?" Fundi anaangalia ile picha, anajua kabisa mbao peke yake imekula nusu, lakini atakuambia nini? Intaneti imeshasema. Ana watoto, ana kodi ya kibanda, na wewe ndiye mteja wa kwanza tangu asubuhi. Anakubali 3,200. Hapo amefanya kazi siku nzima na zaidi kwa mia tatu. Hakuna aliyemwibia kwa bunduki. Ameibiwa na mtu aliyesahau kumtaja.

Serikali imejaribu kwa njia yake. Tangu Julai 2022 nchi za Afrika Mashariki zimekuwa na ushuru wa asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa za kutoka nje, fanicha zikiwemo, ndio watengenezaji wa hapa wapumue. Sawa. Lakini ushuru unashughulika na kontena za Mombasa. Hauwezi kukuingia kwa simu ukulazimishe useme bei kamili. Hiyo imebaki kwa sisi wenye simu.

"Lakini mafundi nao!"

Najua. Nimesikia hiyo hadithi na wewe umeisikia. Unalipa nusu, anakuambia njoo Ijumaa. Ijumaa simu haishikwi. Jumatatu anakuambia stima ilipotea. Wiki ya tatu unaletewa kitu kinachofanana na kile ulitaka vile binamu anafanana na binamu. Sitasema ni uongo, na sitasema uvumilie.

Lakini angalia vile ile biashara inazunguka. Wengi wao hawana mtaji wa kununua mbao ya mteja mpya, kwa hivyo deposti yako inamalizia kazi ya yule aliyekutangulia, na deposti ya atakayekuja ndiyo itamalizia yako. Siku moja mteja akikosa kuja, foleni yote inakwama. Dawa ninayoijua mimi ni kwenda mwenyewe. Nunua mbao yako, ibebe, fika asubuhi, kaa pale, shika ule upande mwingine. Mtu aliyekaa na wewe na mbao yako iko mbele yake hana mahali pa kupitisha kazi ya mwingine. Na ukiona jasho linavyotoka kwa tundu moja tu la mguu, hamu ya kubishania mia mbili inaisha yenyewe.

Mwingine atasema, "Basi hiyo si kujitengenezea, fundi amekusaidia." Kwani yule jamaa wa Marekani yuko peke yake? Mbao yake ilipigwa randa na mtu, ikakaushwa na mtu, ikabebwa na mtu. Ni vile tu hao watu wako kiwandani mbali, haoni sura zao. Mimi wa kwangu yuko mita mia mbili kutoka kwa keja, na namjua. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja haubani mbao gundi ikikauka. Kama wewe uko na keekee, msumeno wa stima na karakana nyuma ya nyumba, hongera, jijengee. Lakini wengi wetu tukinunua vifaa vyote vya kutengeneza meza moja, tutakuwa tumenunua meza nne na bado hatuna meza.

Neno lenyewe linajisema

Sasa hii ndiyo sehemu inayoniuma zaidi. Tumelelewa tukiambiwa, "Usiposoma utaishia jua kali." Fundi amekuwa adhabu, mtu wa kutishia watoto naye. Na mimi niliyeacha chuo nimeambiwa hivyo na watu wazima wawili watatu, sauti ikiwa ya huruma.

Lakini sikiliza lugha. Fundi, mafunzo, kufundisha: hayo maneno ni ndugu wa nyumba moja. Waliotutangulia hawakuona ukuta kati ya mtu anayejua kwa mikono na mtu anayefunza. Hata 8-4-4 ilipoanza 1985 ilikuja na masomo ya mikono, useremala ukiwemo. Baadaye hayo masomo yakapunguzwa, tukabaki na mitihani ya karatasi. CBC ilipokuja 2017 ikasema inarudisha vitendo, na nyinyi mlio na wadogo shuleni mnajua ni wazazi wanakimbia usiku kutafuta kadibodi. Wakati huo wote fundi amekaa pale kando ya lami na vijana wawili wanajifunza kwake, bila sare, bila karo ya muhula, na hakuna anayeiita shule.

Siku moja na nusu nilijua kwa nini mbao hupungua upana, kwa nini gundi haishiki kwa mbao yenye mafuta ya mikono, na kwa nini meza yenye miguu minne hutikisika kama mguu mmoja umepita kwa milimita mbili. Sisemi chuo ni bure. Nikipata karo naweza kurudi. Ninachosema ni kwamba nimefundishwa, na aliyenifundisha anastahili kutajwa kama mwalimu yeyote.

Kwa hivyo wenzangu wa vidio, ninawaomba mambo matatu tu. Muulize fundi kama anataka kuonekana. Akikubali, muonyeshe na useme jina lake na kibanda chake kiko wapi. Akikataa sura, onyesha mikono yake, na useme kwa mdomo wako kwamba haukuwa peke yako. Pili, bei ukiitaja, taja na kazi. Sema "mbao hivi, kazi hivi," ndio mtu akienda kwa fundi wake aende na hesabu ya ukweli. Tatu, usilipe kwa "nitakutangaza." Matangazo hayanunui unga. Lipa, halafu utangaze.

Na wewe unayeangalia tu, ukipenda meza ukaenda kuitengeneza, usiende na picha peke yake. Pima mgongo wa kochi lako, pima mlango ndio meza ikishaisha iweze kuingia, na uulize mbao imekaushwa kwa muda gani. Akikuambia subiri wiki tatu ikauke, usikasirike. Huyo ndiye fundi. Yule wa kukuambia "beba leo" ndiye wa kuogopa.